Hoja ya Kila Kanisa na Wake, na Familia Zisizo na Makao

Imekuwa kama ada katika upande wetu huu wa Shinyanga, na hasa hapa Tinde ambapo barabara itokayo mjini hugawanyika, tawi moja likienda Nzega na jingine likienda Isaka na Kahama hata kufika mpaka wa Rwanda, ya kwamba pindi familia inapokosa makao, iwe ni kwa dhoruba, kwa machimbo au kwa ugomvi wa mirathi, wenye nia ya kusaidia hutanguliza swali moja mbele ya maswali yote, nalo ni kwamba watu hawa husali wapi. Jibu likipatikana, mambo hufuata utaratibu unaojulikana: Mkatoliki huelekezwa kwa katekista wa kigango na kwa jumuiya yake ndogo ndogo, Mlutheri kwa wazee wa usharika, muumini wa AICT (Africa Inland Church Tanzania) kwa mchungaji wa pastoreti, Mpentekoste kwa mchungaji wake, na Mwislamu kwa imamu wa msikiti, na yule ambaye jina lake halimo katika daftari lolote huambiwa kwa upole kwamba ataombewa.

Rai hii ina watetezi wenye heshima zao, na haingekuwa insafu kuijibu kabla ya kuieleza kwa nguvu zake zote. Wanasema kwamba Mtume Paulo, alipowaandikia Wagalatia na alipomwandikia Timotheo, aliweka jamaa wa imani na jamaa wa nyumbani mbele ya wengine, na kwamba kanisa lisiloweza kuwatunza walio wake halina uso wa kwenda kuwatunza wa jirani. Wanasema tena kwamba fungu la kanisa la kijijini hutokana na debe la mahindi, kisado cha dengu na shilingi za mama muuza nyanya, na kwamba viongozi waliokabidhiwa amana hiyo watahojiwa na hao hao waliotoa, wala hawatahojiwa na watu wa dhehebu jingine. Wanaongeza kwamba msaada wa pamoja hufungua mlango wa walaghai, huchanganya mafundisho, na huwapa wachungaji wenye tamaa nafasi ya kunyakua kondoo wa wenzao. Na chini ya hoja hizi zote imelala imani moja ambayo aghalabu haitamkwi, kwamba mtu kukosa nyumba ni jambo la miji mikubwa na la nchi za mbali, kwa maana Msukuma ana ukoo, na mwenye ukoo hawezi kulala nje.

Naikataa rai hii, na siikatai nusu nusu. Naona kwamba inawaacha nje wale hasa wanaostahiki kuingizwa ndani kwanza, na kwamba katika nchi yetu hii ya pamba, ng'ombe na dhahabu hakuna kanisa moja, hata liwe kubwa namna gani, linaloweza kuirudishia makao familia moja iliyoyapoteza kwa sababu zile zinazowapotezea watu makao huku kwetu. Naziona sababu tatu kubwa, na katika kila moja kugawanyika kwa makanisa ni sehemu ya maradhi yenyewe.

Ya kwanza ni mbingu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe yenye upepo mkali ilishuka katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, kando ya barabara hii hii itokayo Tinde kwenda magharibi, ikaua watu zaidi ya arobaini na kuwaacha maelfu bila paa. Wengi wa waliokufa waliuawa na nyumba zao wenyewe, kwa kuwa ukuta wa tofali mbichi, ukishapigwa na maji kwa saa kadhaa na kuondolewa mabati juu yake, huyeyuka na kuwaangukia waliolala ndani. Rais Kikwete mwenyewe alifika kuwapa pole wafiwa, mahema yakapigwa, na chakula kikaletwa. Mawe yale hayakuuliza nani ni wa kigango na nani ni wa pastoreti. Lakini jambo ninalotaka lizingatiwe ni lile linalokuja baada ya pole, yaani kujenga upya, kwa sababu hapo ndipo hoja ya kila kanisa na wake inaposhindwa kwa hesabu za kawaida za fundi.

Mwezi Machi masika bado yapo, na katika masika hakuna afyatuaye tofali zikakauka. Kwa hiyo familia iliyobomokewa Machi haina budi kungoja hata Juni au Julai, ndipo udongo ukandwe, tofali zikaushwe, na tanuri lipangwe. Tanuri nalo halichomwi kwa nyumba moja. Linataka maelfu ya tofali ili moto ushike sawasawa na kuni zisipotee bure, na kuni katika Shinyanga si kitu cha kuchezea, kwani tunakumbuka jinsi mkoa huu ulivyokuwa umekaribia kuwa jangwa hata serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986 kuwarudisha watu kwenye ngitili, yaani malisho ya kuhifadhiwa, za wazee wao. Sasa tuchukue kitongoji kimoja chenye kaya kumi zilizobomokewa, ambazo kwa kusali zimegawanyika katika makanisa manne na msikiti mmoja. Kwa kanuni ya kila mtu na wake, zitahitajika kamati tano, michango mitano na matanuri matano madogo, ambayo nusu ya tofali zake zitatoka mbichi katikati. Na familia ya dhehebu lenye waumini wachache itapata misumari kilo mbili na maombi. Kwa kanuni ninayoitetea, tanuri moja kubwa, fundi mkuu mmoja, roli moja la mchanga na msingi wa mawe kwa kila nyumba vingetosha kuwaweka wote chini ya paa kabla ya mvua za vuli. Wala ushirika huo si mgeni kwa Wasukuma: ng'ombe wakiibiwa na mwano, yaani yowe la kuitana, ukapigwa, hakuna aliyewahi kubaki nyumbani kwa kuwa mwenye ng'ombe ni Msabato.

Sababu ya pili ni dhahabu, na hapa neno lataka kusemwa kirefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayozaa watu wasio na daftari. Tangu Mwakitolyo katika wilaya yetu ya Shinyanga hadi Kakola, Nyarugusu na Rwamgasa, habari za rashi, yaani mbio za kufuata dhahabu mpya, zinapoenea, watu huondoka Maswa, Bariadi, Kwimba na hata Kigoma wakaenda kuishi katika vibanda vya maturubai pembezoni mwa maduara, baba akiingia shimoni na mama akiuza ugali au kuponda mawe. Duara likimwangukia baba, au rashi ikihamia kwingine naye akaifuata asirudi, mama na watoto hubaki pale pale katika kibanda ambacho kiwanja chake si chao, katika kijiji ambacho mwenyekiti wake hawajui, na karibu na kanisa ambalo halina jina lao. Cheti cha ubatizo cha mama huyo kiko parokiani kwao, safari ya siku nzima. Huyu ndiye asiye na makao kwa maana kamili ya neno. Na huyu, kwa kanuni ya kila kanisa na wake, si wa mtu yeyote. Kanuni iliyowekwa ili kuwalinda wahitaji humtupa mhitaji mkubwa kuliko wote, tena humtupa pasipo mtu yeyote kujiona ametenda dhambi, maana kila kanisa likitazama daftari lake litaona limetimiza wajibu.

Fauka ya hao, wapo walioondolewa na machimbo makubwa. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu pamoja na jamaa zao waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi. Mwezi Julai 2007, huko Mtakuja, Geita, familia kadhaa zilitolewa katika eneo lililokwisha kuwa la mgodi, zikakaa miaka mingi katika vibanda vya maturubai mjini Geita zikidai kwamba hazikulipwa haki yao, huku upande wa pili ukishikilia kwamba sheria ilifuatwa. Nani angesimama na watu hao? Padri mmoja au mchungaji mmoja wa mtaa akienda kugonga mlango wa mgodi au wa mkuu wa wilaya huonekana mchochezi, na siku ya pili hukumbushwa kwamba kazi yake ni madhabahuni. Lakini mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, yaani Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu kwa pamoja, walitoa taarifa yao juu ya namna nchi isivyofaidika na dhahabu yake, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, nayo ilisomwa bungeni na vijiweni, kwa maana hapakuwa na wa kusema kwamba ni fitina ya dhehebu fulani. Mwaka 2010 sheria mpya ya madini ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Sidai kwamba taarifa ile pekee ndiyo iliyoleta sheria; nadai kwamba sauti iliyounganishwa ilisikika pale ambapo sauti moja moja hazikuwa zikisikika. Huzuni yangu ni kwamba umoja ule ulikaa juu, katika ofisi za Dar es Salaam, ukaongea habari za mrabaha na mikataba, ilhali chini katika mitaa ya Geita maturubai yaliendelea kuchakaa vichwani mwa watu. Kama viongozi wa dini waliweza kukaa meza moja kwa ajili ya asilimia ya mrabaha, ni kitu gani kinachowazuia walio chini yao kukaa benchi moja kwa ajili ya mabati ishirini?

Sababu ya tatu ndiyo inayonichoma zaidi, nayo ni ukoo wenyewe, huo huo tunaoambiwa kwamba ni kinga. Katika Usukuma wanaofukuzwa nyumbani kwa mvua ni wachache mbele ya wale wanaofukuzwa kwa msiba. Mume akifariki, shemeji huja kabla majivu ya moto wa matanga hayajapoa, na mjane huambiwa kwamba nyumba aliyoikandika kwa mikono yake ni ya ukoo wa marehemu, achague kurithiwa au kurudi kwao. Uonevu huu una maandishi: Kanuni za Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamnyima mjane fungu katika mali ya mumewe, na kumwacha atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma waliotolewa nyumbani kwao kwa namna hiyo, pamoja na watoto wao wadogo, walikwenda Mahakama Kuu; mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, lakini ikaogopa kuzitengua. Wakaendelea hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo ikawapa haki tarehe 2 Machi 2015, siku moja tu kabla ya mawe ya Mwakata. Taifa zima lilililia Mwakata, na ilistahili kuliliwa. Hawa wawili waliliwa na nani? Kadhalika wapo bibi vizee wenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, wanaotajwa kuwa wachawi na kukimbia usiku wakaacha nyumba na shamba. Na anayewataja, mara nyingi, ni mtu wa damu yao anayelitamani shamba.

Basi na tuulize kwa nini makanisa, ambayo yamejaa tele katika kila kijiji, hayajaweza kuuzuia uonevu huu. Najibu kwamba hayajaweza kwa sababu kila moja liko peke yake. Shemeji anayemtoa mjane aghalabu ni mtu wa kusali. Pengine ni mzee wa kanisa, pengine ndiye aliyetoa ng'ombe siku ya mavuno. Mchungaji akimkaripia, na akamzuilia ushirika kama inavyompasa, mtu huyo hachukui hata juma mbili kabla ya kuhamia kanisa la ng'ambo ya barabara, pamoja na wake zake, watoto wake na sadaka yake, na huko hupokewa kwa shangwe kama nafsi iliyookolewa. Mchungaji wa kwanza analijua hilo kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo hafungui. Ushindani wa kuhesabu waumini umeyafanya makanisa kuwa mateka wa wakubwa wa ukoo, na mjane ndiye anayelipa fidia ya utekwa huo. Atakayeniambia kwamba kila kanisa lishughulike na wake, na aniambie pia ni vipi kanisa lililo peke yake litamgusa mtu mwenye makanisa mengine manne ya kukimbilia.

Nimesema kwamba siikatai rai hii nusu nusu, nami sasa naja kwenye hofu ya kuchanganya mafundisho. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama tungekuwa hatujawahi kufanya kazi pamoja. Lakini tumekuwa tukifanya, na imani zetu zimebaki kila moja mahali pake. Hospitali ya Kolandoto, hapa hapa Shinyanga, iliasisiwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, na tangu siku zile mama mwenye uchungu wa uzazi hajaulizwa mlangoni kama ni Mkatoliki. Mwaka 1964 iliundwa TCRS, chombo cha Shirikisho la Walutheri Duniani, kwa makubaliano na serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ili kuwahudumia waliokuwa wakikimbia Rwanda. Na Warundi walipomiminika baada ya mauaji ya mwaka 1972, chombo hicho kilisaidia kuwajengea makazi Ulyankulu, katika mkoa wa jirani wa Tabora, na Katumba kule Mpanda. Wengi wa Warundi wale walikuwa Wakatoliki. Walipimiwa mashamba, wakachimbiwa visima, wakajengewa shule kwa mikono ya shirika la Kilutheri, wakabaki Wakatoliki wakimsifu Mungu katika makanisa yao. Na mwaka 2014 serikali ikatangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi yale ya zamani. Mwaka 1992 Wakatoliki na Waprotestanti walitia saini na serikali mapatano juu ya shule na hospitali zao, wakaunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na hadi leo hakuna aliyepoteza ubatizo wake kwa ajili hiyo. Ikiwa umoja waruhusika katika sindano na katika ubao wa darasani, ni sheria ipi ya Mungu inayoukataza katika tofali? Naogopa kwamba jibu la kweli ni zito kusemwa: hospitali na shule zina ruzuku, zina karo, na zina ukuta wa kuandikia jina la dhehebu, bali nyumba ya mjane haina hata kimoja cha hivyo.

Juu ya walaghai sitakaa sana, kwa kuwa hoja hiyo inajivunja yenyewe. Mlaghai hupenda madaftari matano yasiyosomana kuliko daftari moja linalosomwa na wote. Leo mtu anaweza kupokea godoro kwa Walutheri, unga parokiani na mabati kwa Wapentekoste, na asijulikane mpaka ayauze gulioni. Wala sidharau hofu ya kunyakuana kondoo, ila dawa yake ni kutoa msaada kwa jina la wote, hata mpokeaji asiwe na dhehebu la kulilipa kwa kuhama.

Wapo watakaosema kwamba serikali ipo, na sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2015, iliyoandikwa upya mwaka 2022, imeweka kamati hadi kijijini. Hayo ni kweli, na kamati hizo ziheshimiwe na zisaidiwe. Lakini sheria ile inatazama maafa yanayoonekana na macho ya wote, na mjane anayetolewa nyumbani Jumatatu asubuhi hahesabiwi kuwa maafa. Ni habari ya familia, huambiwa, wakayamalize wenyewe. Hapo ndipo palipo mahali pa makanisa, na hapo silaha ya kwanza ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ambayo katika kifungu cha 20 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Halmashauri ya kijiji ndiyo yenye mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji na kutoa hati ya haki miliki ya kimila. Mjane akienda mbele yake na katekista wake tu, ataambiwa arudi wiki ijayo. Akienda na padri, mchungaji wa usharika, mchungaji wa pastoreti, mchungaji wa Kipentekoste na imamu, waliokaa wote kwenye benchi moja mbele ya mkutano wa kijiji, sioni mtendaji atakayethubutu kulifunga daftari lake.

Kwa hiyo ninachokitaka Tinde, na katika kila kata kutoka hapa hadi Geita, ni kitu kidogo cha kutajika na kigumu cha kutenda: kamati moja ya makao, ambayo mwenyekiti wake atoke kanisa moja na mweka hazina atoke jingine, wakibadilishana kila mwaka, daftari moja la kaya zisizo na makao, lianze na wale wa kambi za machimbo ambao hawako katika daftari lolote, fungu moja linalosomwa hesabu zake katika madhabahu zote Jumapili moja, na tanuri moja lichomwe kila kiangazi, kuwe na dhoruba kusiwe na dhoruba, kwa kuwa wajane hawangoji masika ndipo wafukuzwe. Msikiti ukaribishwe tangu siku ya kwanza, kama BAKWATA walivyokuwamo mwaka 2008. Na kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa, viongozi wakubaliane juu ya barua ya utambulisho, ile ambayo kila kanisa humdai anayehamia kutoka kanisa jingine: asipokewe popote, wala asipewe kiti cha uzee, wala sadaka yake isitiwe kapuni, mtu anayekimbia karipio la kumtoa mjane au bibi kizee nyumbani, mpaka yule aliyemtoa awe amerudishwa mlangoni pake au amejengewa kwa gharama ya huyo aliyemtoa.